Maswali ya wasomaji: Koili za bei kubwa zitaniongezea farasi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi msomaji wako wa Mbezi, Dar. Nina Mark II JZX110, ile ya 1JZ turbo, ni gari yangu ya kila siku naenda nayo kazini na wikiendi naifurahia kidogo. Nimefunga intakuula kubwa ya mbele, eksozi ya inchi 3, na busti (presha ya hewa ya turbo) nimepandisha mpaka bar 1 na kidogo. Tatizo ni moja, nikikanyaga mpaka mwisho ikifika RPM 5000 inaanza kukatakata kama mtu mwenye kikohozi. Kuna jamaa ananiuzia seti ya koili (zile zinazokuza umeme wa plagi) za Audi R8 pamoja na waya zake, anataka milioni moja na laki mbili, anasema mbali na kuondoa misi (silinda kukosa kuwaka) nitapata na farasi 30 juu. Ni kweli au natupa hela?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hizo farasi 30 maana ndizo zitakazokutoa hela mfukoni.

Cheche haitengenezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye petroli na hewa, cheche yenyewe kazi yake ni kuwasha tu. Chukua jiko la gesi, ukiliwasha kwa njiti moja au ukaunguza kiberiti kizima pale kwenye bana, moto utakaotoka ni ule ule na chai itachemka kwa muda ule ule. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwa umepimwa sawasawa unaweza kuwaka kwa nishati ndogo sana, haifiki hata milijuli 1 ukiwa umetulia, na koili ya kiwandani ikiwa nzima inatoa makumi ya milijuli. Ukishawasha umewasha. Kuongeza cheche juu ya moto ambao tayari umeshika hakukupi kitu chochote, mtu asikudanganye.

Sasa mbona watu wanaapa kwamba walifunga koili na gari ikabadilika? Wengi hawasemi uongo, gari kweli ilibadilika. Ila ukimuuliza vizuri utakuta gari ilikuwa inamisi kabla, na siku ile ya kufunga koili alibadilisha na plagi zikawa mpya, na fundi akasafisha soketi za waya kwa sababu alikuwa anazichomoa. Amerudishiwa nguvu aliyokuwa ameipoteza, yeye akaihesabu kuwa ni nyongeza, na sifa zote zikaenda kwa koili.

Twende kwenye kikohozi chako. Umeme kuruka kwenye plagi unahitaji kuvuka uwazi mdogo kati ya ncha mbili, na pale kati kuna hewa. Hewa ikibanwa inakuwa ngumu zaidi kupitisha cheche, na uwazi ukiwa mkubwa nao unaongeza ugumu. Gari ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa, presha ndani ya silinda ni ndogo, cheche inaruka kwa volti elfu kadhaa tu. Ukikanyaga na turbo ikajaza bar 1 juu ya hewa ya kawaida, pistoni inakuja kubana hewa ambayo ni kama mara mbili ya ile, volti zinazotakiwa zinapanda sana, na koili inayopokea volti 12 za betri na kuzikuza hadi 20,000 au 30,000 na zaidi inafika mahali inaishiwa. Ikiishiwa, umeme unatafuta njia ya mkato, kwenye ufa wa kauri ya plagi, kwenye raba ya koili iliyochoka, popote panapoelekea bodi ya injini. Silinda ile haijawaka. Ndiyo hicho kikohozi.

Kwa hiyo koili inaweza kuwa ndiyo tatizo, sikatai, ila mbele yake kuna vitu vinne vya bei ndogo vya kuangalia na kwa uzoefu wangu mara nyingi huishii kununua koili.

Cha kwanza toa plagi zote sita uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Soma namba. Kwa NGK utakuta mfano BKR6E-11, hiyo B ni uzi wa milimita 14, K ni kichwa cha spana 16, R maana yake ina rizista ndani, 6 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa uzi milimita 19, na ile 11 ya mwisho ndiyo watu wanaipuuza, ni uwazi wa milimita 1.1. Uwazi huo ni mkubwa mno kwa plagi ya injini iliyopandishwa busti. Ukiikuta kwenye injini yenye busti ya bar 1 huna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Nakumbuka usiku mmoja barabara ya Bagamoyo, tulikuwa na Chaser ya rafiki yangu, 1JZ kama yako, inamisi vile vile ikijaa busti. Ameshanunua koili mbili za mtumba na pampu ya petroli, bado. Tukaegesha chini ya taa ya kituo cha mafuta, tukatoa plagi, nikapitisha fila geji (vile vibati vya kupimia uwazi), ya milimita 1 ikapita bila hata kugusa. Tukagonga taratibu ile ncha ya pembeni mpaka fila ya 0.75 ikapita kwa kukwaruza kidogo, moja moja, zote sita, nusu saa na mikono imeungua kidogo kwa sababu injini ilikuwa bado ya moto. Akaingia barabarani, gia ya tatu, ikapanda mpaka mwisho wa mshale bila kukohoa hata mara moja. Hakutumia shilingi.

Basi na wewe fanya hivyo hivyo. Weka 0.7 hadi 0.8, ukiwa na plagi za aina ya 7 ambazo ni baridi hatua moja kuliko 6, yaani zinapoteza joto haraka zaidi, na kwa busti yako ndizo ningezifunga. Kama unatumia iridiamu usiingize chuma chochote kuegemea ile ncha ya kati, ni nyembamba, ya Denso Iridium Power ni milimita 0.4 tu, inavunjika kama njiti. Unasogeza ya pembeni peke yake. Kufunga, kaza kwa mkono mpaka ikae, halafu kwa plagi mpya yenye washa ongeza nusu mzunguko, basi, au kama una toki renchi ni kati ya Nm 25 na 30. Silinda hedi ni aluminiamu hiyo, ukivua uzi wake utanikumbuka kwa ubaya.

Cha pili angalia kauri ya plagi na ndani ya raba za koili na waya. Unatafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele umechorwa kwa penseli, unashuka kutoka juu kwenda kwenye chuma. Ule ni njia ambayo umeme umeshajizoesha kupita, na ukiuona usiifute ukarudisha, badilisha plagi na raba yake kwa pamoja kwa sababu kila mmoja ataharibu mwenzake. 1JZ yako ya VVT-i ina koili tatu, kila koili inahudumia silinda mbili, moja imekaa juu yake na ya pili inafikiwa kwa waya. Zile waya zinazeeka. Usiku penye giza, injini ikiwa inanguruma, funua kava ya juu na upulize maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, ukiona vicheche vya bluu vinacheza nje umeshampata, ila mikono iwe mbali, umeme ule unapiga vibaya.

Cha tatu ni volti, na hapa ndipo mafundi wengi hawafiki. Koili inakula umeme wa gari, ukiipa kidogo inatoa kidogo. Oltaneta nzima inatoa kama volti 13.8 hadi 14.4. Pima kwenye betri injini ikiwaka, halafu pima kwenye soketi ya koili yenyewe injini ikiwaka hivyo hivyo. Gari hizi zina miaka zaidi ya 20, waya zimepashwa moto na kupoa maelfu ya mara, nimewahi kukuta 14.1 kwenye betri na 11.6 kwenye koili. Volti mbili na nusu zimeishia njiani! Gari ile tulisafisha ati (waya wa kurudishia umeme) ya injini, tukavuta waya mpya mnene kutoka betri kupitia fyuzi na rilei, misi ikaondoka. Ungemfungia huyo mtu koili za R8 kwenye waya ule ule angelia, maana koili kubwa inavuta umeme mwingi zaidi.

Cha nne, hakikisha kwanza kwamba hiyo ni misi. Kompyuta ya kiwandani ya gari yako ina kinga, busti ikizidi kiwango chake inakata petroli makusudi ili kuokoa injini. Tofauti unaisikia mgongoni. Misi ya cheche inatetemeka, pa-pa-pa, gari inaendelea kusogea kwa shida. Kukatwa petroli ni kama umegonga ukuta, kichwa kinakwenda mbele, halafu inarudi ghafla. Kama yako ni ya ukuta basi hata koili za roketi hazisaidii, unahitaji kushusha busti au kutyuni kompyuta.

Kuna jaribio moja la kumaliza ubishi. Punguza uwazi wa plagi mpaka 0.6 kwa siku moja tu. Kikohozi kikiisha, basi umeme ndio uliokuwa umefika ukomo, na unaweza kupanda taratibu mpaka 0.7. Kikibaki vile vile, usiguse koili, nenda kwenye petroli, pampu, filta, nozeli.

Sasa lini koili za R8 zina thamani ya hela yako? Mimi nasema hivi, ukibadilisha turbo ikawa kubwa, busti ikawa bar 1.5 kwenda juu, una kompyuta ya kutyuni, plagi ziko kwenye 0.6 na bado inakohoa, hapo nunua kwa moyo mweupe. Au koili zako za asili zimekufa na mpya za asili bei yake inakaribiana. Ni koili nzuri kweli, zina igniti (swichi ya kuwasha na kukata umeme wa koili) ndani yake na watu wenye JZ kubwa duniani kote wanazifunga. Lakini jua mambo mawili. Koili kila aina ina muda wake wa kujaza, zinahesabiwa kwa milisekunde, nyingi 2 mpaka 4, kompyuta lazima iambiwe huo muda, ukizidisha koili na igniti zinaungua, ukipunguza umenunua koili kubwa unayoilisha njaa. Na la pili, kompyuta za Toyota za kizazi chako baada ya kutuma amri ya cheche zinasubiri jibu kwenye waya unaoitwa IGF, kwamba ndiyo, nimewasha. Koili za R8 hazina huo waya. Kompyuta isipopata jibu inafunga petroli na gari haiwaki. Muulize huyo jamaa yako IGF ataipata wapi. Akianza kukuna kichwa, mshukuru na umuage.

Milioni na laki mbili uliyonayo ukiitoa kwa mtu anayejua kutyuni, akakuwekea petroli sawa na akapanga muda wa cheche kulingana na petroli ya huku, utapata nguvu ya kweli. Wajapani hizi turbo wamezipangia petroli yao ya juu ambayo kwa kawaida iko kwenye RON (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) 98 hadi 100, ya kawaida tunayoweka kwenye pampu zetu iko chini ya hapo. Cheche ikiwahi kidogo tu kupita kiasi injini inagonga, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Muda wa cheche ndio wenye farasi, ukubwa wake hauna.

---

Swali: Habari fundi, nakusoma kutoka Nakuru. Niko na Forester ya turbo, EJ20, nimeweka koili nne nyekundu za performance nilizonunua online, bei ilikuwa poa. Mwezi wa kwanza gari iko sawa, saa hii taa ya injini imewaka, code ni P0303, na iko na misi nikipanda mlima. Nirudishe zile za zamani ama ninunue zingine kali zaidi?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. P0303 maana yake silinda namba 3 inamisi, haisemi koili imekufa. Hamisha koili ya 3 uipeleke namba 1, ziko upande mmoja wa injini kwa hiyo si kazi kubwa, futa kodi, endesha mlimani. Ikigeuka P0301 koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0303 angalia plagi, na kwenye hizi Subaru angalia kama oili imevuja ndani ya tundu la plagi kwa sababu sili za pale zinachoka na raba ya koili ikiloa oili inalainika na kuvujisha umeme.

Ila kwa jinsi ulivyoeleza nakushauri urudishe zile za zamani zote nne kama zilikuwa nzima. Rangi nyekundu haina kazi. Koili nyingi za namna hiyo ndani ni koili ya kawaida yenye ganda jipya, au mbaya zaidi waya wake wa ndani una ukinzani mdogo kwa hiyo zinavuta umeme mwingi kuliko igniti yake ilivyoandaliwa, zinapata joto, na mwezi wa pili zinaanza kufa moja moja. Koili ya asili kwenye EJ20 ya mtaani haina upungufu. Kila silinda ina koili yake, kwa RPM 6000 silinda inahitaji cheche moja kila milisekunde 20, na koili inajaa kwa milisekunde chache tu. Ina muda wa kujaza na kupumzika.

Na plagi pia, kuwa makini. Plagi feki zimejaa. Mimi mwenyewe nimeuziwa boksi zima dukani, maandishi ya jina yako safi kabisa, nikafunga kwenye gari ya mteja na baada ya wiki mbili kauri ya moja ikachomoka kwenye chuma chake. Nilirudi pale nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Mteja nilimlipia mimi. Tangu siku ile nashika plagi mkononi kabla ya kulipa, natazama uzi kama umekatwa safi, washa kama inatoka kwa vidole ovyo, ncha ya pembeni kama imesimama katikati sawasawa juu ya ncha ya kati. Ikiwa imepinda hata kidogo narudisha.

---

Swali: Asalaam aleikum fundi. Niko Tanga, nina Corolla KE70 ya marehemu baba, injini ya K, nimeifunga kabureta kubwa ya pacha na hedazi (mabomba ya eksozi yanayotoka kwenye injini). Bado ina disitribyuta ya pointi. Vijana wananiambia niweke ignisheni ya elektroniki, wengine wananiambia niongeze na boksi la MSD. Mimi mzee wa miaka 58 sitaki mashindano, nataka iwake asubuhi na ipande Lushoto bila kunisumbua.

Jibu: Waaleikum salaam kaka yangu, na pole kwa mzee, hongera kwa kuitunza. Katika barua zote za mwezi huu wewe ndiye ambaye nakwambia fanya bila kusita.

Pointi zina kasoro ambayo haina dawa. Kuna kijiwe kidogo kinachosugua kwenye kamu ya disitribyuta, kila siku kinalika, kikilika uwazi wa pointi unapungua, na uwazi ukipungua cheche inachelewa. Unaweka leo milimita 0.45, baada ya kilomita elfu kadhaa gari imekuwa nzito na hujui kwa nini, na nyuso za pointi zenyewe zinaungua na kuota vipele. Kwa kabureta mbili na hedazi ulizofunga, kuchelewa kwa cheche kunakula kile kile ulichokitafuta. Moduli ya elektroniki inayokaa ndani ya disitribyuta hiyo hiyo haina cha kusugua, ukiipanga leo mwakani iko pale pale. Asubuhi inawaka kwa upesi zaidi na juu RPM haiyumbi.

Wakati wa kufunga angalia kitu kimoja, gari nyingi za zamani zina rizista kwenye waya unaokwenda kwenye koili, ule umeme baada ya rizista ni mdogo. Moduli ichukue umeme wake kabla ya hiyo rizista, kutoka kwenye swichi moja kwa moja. Mafundi wanaunganisha baada yake halafu wanasema moduli mbovu. Na usivue ile rizista kama karatasi ya moduli na koili yako haikusema uivue, utaunguza koili. Ukimaliza panga taimingi upya kwa taa ya kupimia, usipange kwa sikio.

Angalia pia shafti ya disitribyuta, ishike kwa vidole uitikise upande kwa upande. Ikicheza, badilisha bushi zake kwanza kwa sababu moduli haiwezi kurekebisha shafti inayoyumba.

MSD ni boksi zuri na katika kazi yake halina ubaya. Linajaza umeme kwenye kapasita na kuutema kwa mkupuo, na chini ya RPM 3000 linatema cheche kadhaa mfululizo. Lilipata jina kwenye magari ya V8 yenye koili moja inayohudumia silinda nane, kule kwa RPM 6000 koili inatakiwa kutoa cheche kila milisekunde 2.5, haijajaa imeshaitwa tena. Wewe una silinda nne na hukimbizi injini kiasi hicho, una muda wa kutosha. Hela hiyo nunua waya mpya za plagi, kepu na rota.

Zile pointi za zamani na kondensa yake usizitupe kaka, zifunge kwenye kitambaa na bisibisi ndogo uziweke kwenye buti. Moduli ikifa inakufa ghafla, na katikati ya kona za Lushoto ukiwa na pointi mkononi unarudi nyumbani.

---

Swali: Mambo fundi! Altezza yangu haina turbo, nimefunga eksozi na filta ya wazi tu. Nimeambiwa plagi baridi namba 8 zinaongeza spidi, nimefunga, sasa foleni ya asubuhi Ubungo inatikisika na inanuka petroli. Msomaji, Kimara.

Jibu: Poa mdogo wangu. Zitoe leo. Plagi inatakiwa ipate joto la kama nyuzi 450 kwenda juu ndipo ijisafishe masizi yenyewe, namba 8 kwenye gari isiyo na turbo ikiwa foleni haifiki huko, inajaa weusi, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka. Baridi au moto ya plagi ni habari ya jinsi inavyopoteza joto, spidi haimo. Rudisha namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na ukinunua kumbuka Denso wana hesabu yao, 20 yao ni sawa na 6 ya NGK, 22 ni 7, na Bosch wanahesabu kinyume kabisa, namba kubwa ndiyo ya moto. Hizo namba 8 ukizisafisha kwa brashi laini zinafaa, mpigie yule wa Mbezi akishafunga turbo kubwa.